Juu Kunachemka, Chini Kuna Baridi: Uchambuzi wa Nyumba Moja ya Zamani

Nyumba inayochambuliwa hapa ni ya miaka ya 1950, ya aina inayojirudia sana: ghorofa mbili za kuishi, dari nyembamba chini ya paa, na chumba kizima cha chini ya ardhi kinachotumika kwa stoo, kufulia na hita ya maji ya gesi. Kila ghorofa ina mita 10 kwa 8. Ukuta wa chumba cha chini ni wa tofali za saruji zenye matundu, unene sentimita 20, kimo mita 2.2. Kati ya hizo, sentimita 60 ziko juu ya usawa wa ardhi na mita 1.6 zimefukiwa. Sakafu ya ghorofa ya kwanza, ile iliyo juu ya chumba cha chini, ni ya mbao juu ya boriti.

Saa kumi jioni, siku ya nyuzi 32 za Selsiasi nje, vipima joto vinasoma hivi: vyumba vya kulala vya juu nyuzi 31, sebuleni nyuzi 27, chumba cha chini nyuzi 21 na unyevu wa hewa asilimia 78. Mwenye nyumba ameandaa mpango. Anataka kusimamisha fremu ya mbao kuzunguka kuta zote za chumba cha chini, ajaze sufu ya kioo, atandike nailoni juu yake, kisha afunike kwa jipsamu. Hoja yake ni kwamba chini kukiwekewa kihami vizuri, yaani kitu kinachozuia joto kupita, ubaridi hautapotea ardhini na nyumba nzima itapoa.

Hoja hiyo inavutia, ila imekaa kichwa chini miguu juu. Majira ya joto ardhi hainyonyi ubaridi wa nyumba. Inanyonya joto lake.

Joto linapita wapi

Kabla ya kununua bodi hata moja inafaa kupiga hesabu ya wati, walau kwa kukadiria. Hesabu ya joto linalopita kwenye kitu ni eneo, mara kiasi cha joto ambacho kila mita ya mraba hupitisha kwa tofauti ya nyuzi moja, mara tofauti yenyewe ya nyuzi.

Tuanze na dari. Darini, chini ya paa lililopigwa na jua mchana kutwa, nyuzi 55 ni jambo la kawaida. Dari ya zamani yenye kihami chembamba kilicholala na kushikana hupitisha takriban wati 0.8 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 80 za mraba na tofauti ya nyuzi 24 kati ya darini na vyumba vya juu, zinashuka takriban wati 1,500. Hiyo ni hita ndogo ya umeme iliyotundikwa juu ya vitanda na kuachwa inawaka.

Madirisha ya magharibi ni mabaya zaidi. Nyumba hii ina manne, kila moja mita 1.5 za mraba, kioo kimoja kisicho na kivuli. Jua la alasiri huupiga ukuta wa magharibi kwa takriban wati 600 kwa mita ya mraba, na kioo cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya hizo. Zinaingia karibu wati 2,900 kwa madirisha manne tu.

Sasa tushuke chini. Sakafu ya mbao ya ghorofa ya kwanza inapitisha takriban wati 1.5 kwa mita ya mraba. Sebule ina nyuzi 27 na chumba cha chini 21, hivyo wati 720 hivi zinatoka sebuleni kwenda chini, na kutoka huko zinaingia ardhini kupitia sakafu ya zege na ukuta uliofukiwa. Ni kiyoyozi kidogo kisicho na bili. Mpango wa kufunika kuta zote kwa kihami ungekibana sehemu kubwa.

Lakini upo ukuta mwingine chumbani humo ambao watu huusahau: zile sentimita 60 za juu ya ardhi. Mzunguko wa nyumba ni mita 36, kwa hiyo tunazungumzia mita 21.6 za mraba za tofali tupu. Tofali hizo hupitisha takriban wati 2.7 kwa kila nyuzi, na tofauti kati ya nje na ndani ni nyuzi 11. Jumla ni wati 640 zinazoingia, bila kuhesabu jua linalopiga ukuta moja kwa moja. Kwa maneno mengine, utepe mwembamba wa ukuta wa juu unaingiza joto karibu sawa na lile linaloshuka kutoka sebuleni.

Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Ukuta wa juu uhamiwe na ukingo wa sakafu uzibwe, lakini ukuta wa chini na sakafu ya zege viachwe viguse ardhi. Ushauri huu ni wa nyumba ambayo shida yake kubwa ni joto. Pale ambapo majira ya baridi ni makali na gharama ya kupasha nyumba ndiyo inayouma, mizani inageuka: kihami cha ukuta mzima, juu hadi chini, hulipa zaidi kwa mwaka, na ule ubaridi kidogo wa kiangazi unaopotea unavumilika. Anayetaka yote mawili achague kulingana na bili iliyo kubwa zaidi.

Maji kwanza

Unyevu wa asilimia 78 ndio uliopaswa kumshtua mwenye nyumba kuliko kitu kingine chochote katika vile vipimo. Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu huo huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 17. Sehemu ya chini ya ukuta na pembe za sakafu zina nyuzi 17 au 18. Chumba kimesimama ukingoni kabisa mwa kutokwa jasho, na maboksi ya karatasi yaliyoegemea ukutani yameshaanza kunuka uvundo.

Maji ya namna hii hutoka sehemu mbili, na tiba zake hazifanani. Yapo yanayopenya kutoka udongoni, na yapo yanayotoka hewani. Kuyatofautisha ni kazi ya siku mbili na haina gharama ya maana. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa mkanda pande zote nne bila kuacha mwanya, na kingine sakafuni. Vikae saa 24 hadi 48. Matone yakionekana nyuma ya nailoni, kati yake na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana upande wa chumbani, ni hewa inayotokwa jasho. Yakionekana pande zote mbili, basi una kazi mbili. Chagua mahali pakavu pa kubandikia, maana mkanda haushiki kwenye tofali lililolowa, na jaribio lenye mwanya halikuambii kitu. Pia kagua ukuta kwa macho: unga mweupe kama chumvi juu ya tofali ni alama ya maji yaliyopita na kukauka mara nyingi.

Maji ya udongoni huanzia paani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 25 linashusha lita 2,500. Ikiwa bomba la gata linamwaga chini ya ukuta, lita hizo zote zinakaa palepale zikitafuta njia ya kuingia. Bomba liongezwe hadi limwage mita 2 au 3 mbali na ukuta, na udongo unaozunguka nyumba uinamie nje: sentimita 15 za mteremko ndani ya mita 3 za kwanza zinatosha. Rangi ya kuzuia maji inayopakwa ndani ya ukuta isigeuzwe tiba. Inaficha dalili kwa muda, kisha inabanduka kwa msukumo wa maji na chumvi, na kihami kilichogundishwa juu yake kinabanduka nayo.

Maji ya hewani yana chanzo kingine kinachokera kwa sababu kinafanywa kwa nia njema. Chumba kinanuka unyevu, mtu anafungua vidirisha ili kipate hewa. Siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60, kila mita ya ujazo ya hewa ya nje imebeba gramu 18 za mvuke. Ikishuka hadi nyuzi 18 ukutani haiwezi kubeba hata 15. Zaidi ya gramu 3 zinadondoka. Vidirisha viwili vikipitisha mita za ujazo 100 kwa saa, hewa hiyo yote ikipoa kiasi hicho, zinakusanyika zaidi ya lita 7 kwa siku. Mtu anadhani anakausha chumba, kumbe anakimwagilia.

Kwa hiyo vidirisha vya chini vifungwe siku za mvuke, na vifunguliwe tu usiku au asubuhi ambapo hewa ya nje ni kavu kweli. Usilinganishe asilimia za nje na za ndani, maana asilimia hubadilika na joto. Linganisha nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikilifikia huanza kudondosha maji, ambazo vipima unyevu vingi vya bei ndogo huzionyesha. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi za umande zilizo chini ya joto la ukuta wako, karibisha. Ikiwa juu, funga.

Mashine ya kukausha hewa inasaidia, lakini nayo ni hita. Kila lita ya maji inayoikamata inaachia ndani ya chumba joto la takriban yuniti 0.68 za umeme, na juu yake joto la umeme inaoutumia yenyewe, tuseme yuniti moja kwa kila lita 2. Kwa lita 7 kwa siku hiyo ni zaidi ya yuniti 8, sawa na wati 350 hivi mfululizo, mchana na usiku. Ndiyo maana gata, mteremko wa udongo na vidirisha vinatangulia, na mashine inabaki kwa kile kilichoshindikana. Iwekwe kwenye asilimia 50 hadi 55. Kuishusha hadi 40 ni kulipia umeme ili upate joto. Iunganishwe kwa mpira hadi kwenye tundu la maji machafu, kwa sababu ndoo ya kumwaga kwa mkono husahaulika wiki ya pili.

Kwa nini fremu ya mbao na sufu ya kioo ingeoza

Sufu ya kioo ni kihami kizuri mahali pakavu pasipopita hewa. Ukutani chini ya ardhi haipati hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nyuzi zake haziizuii hewa ya chumba kupita. Hewa hiyo inapenya kwenye viungo vya jipsamu, inafika kwenye tofali baridi, inadondosha maji, na maji yanashuka hadi kwenye mbao ya chini ya fremu. Wakati huohuo unyevu unaotoka kwenye tofali unaelekea chumbani na kukutana na nailoni nyuma ya jipsamu. Umezuiwa huku, umezuiwa kule. Mbao imekaa katikati.

Kuvu inahitaji maji, chakula na joto la kadiri. Mbao na karatasi ya nyuma ya jipsamu ni chakula. Kazi ya namna hii huonekana nadhifu misimu miwili, kisha inaanza harufu. Ukibomoa unakuta sufu imelowa na kuwa nyeusi chini, kavu juu, na nailoni ina matone kama kioo cha bafuni.

Kinachofaa kugusana na tofali ni kitu kisichonyonya maji, kisicho chakula cha kuvu, na kilichogandana na ukuta kiasi kwamba hewa ya chumba haifiki nyuma yake. Bodi za foamu ngumu zina sifa hizo. Kwa ukuta huu tunachukua bodi za polistireni iliyokamuliwa, unene sentimita 5. Zinashusha kile kiwango cha wati 2.7 hadi takriban 0.5, maana yake wati 640 zinabaki 130 hivi. Polistireni ya kawaida nyeupe, ile ya vipunje, nayo inafaa ikiwa nzito na nene kidogo zaidi, sentimita 6 badala ya 5.

Ukingo wa sakafu

Kazi inaanzia juu kabisa, pale ukuta wa tofali unapoishia na mbao kuanza. Juu ya tofali umelala ubao, juu ya ubao zimekaa ncha za boriti, na ncha hizo zimezibwa kwa nje na ubao mmoja mrefu wa ukingo. Viungo vyote hivyo vilipangwa vikavu, na miaka 70 imevifungua. Siku ya joto unaweza kupitisha mkono pale na kuhisi hewa.

Katika nyumba yenye kiyoyozi, tundu hili lina madhara maradufu. Hewa baridi ni nzito, inashuka na kutoka kwa chini, na kila inachotoka kinajazwa na hewa ya moto inayonyonywa kutoka darini na kwenye mianya ya juu. Ukiziba chini na juu, mzunguko huo unakatika. Ukiziba sehemu moja tu unaupunguza.

Kwanza pima unyevu wa mbao kwa kipima chenye pini mbili. Chini ya asilimia 20, endelea. Ikizidi hapo, tafuta maji yanakotoka na usubiri ikauke, kwa maana ubao uliolowa ukifungiwa nyuma ya foamu hauna pa kupumulia. Na kama ncha za boriti hazikukaa juu ya ukuta bali zimechomekwa ndani ya tofali au mawe, usizifunike kabisa. Hewa ya chumba ndiyo inayozikausha.

Safisha vumbi na utando wa buibui. Piga mstari wa silikoni kwenye kiungo kati ya tofali na ubao uliolala, mzunguko mzima. Mrija wa mililita 300 kwa mstari wa milimita 6 unakwenda mita 10 hivi, kwa hiyo mita 36 zinataka mirija minne, na mmoja wa akiba. Palipo na mwanya unaozidi milimita 6 tumia foamu ya kopo, maana silikoni itazama ndani.

Boriti zimepangwa kila sentimita 40 na zina unene wa sentimita 5, hivyo kila kijumba kati yake kina upana wa 35 na kimo cha 20. Kuta mbili ndefu za mita 10 zinatoa vijumba 25 kila upande, jumla 50. Kata vipande vya 34 kwa 19. Kosa la kila fundi mgeni ni kukata kipande kikali kinachobana: kinaingia kwa nguvu, kinavunjika pembe, na mianya inayobaki ni myembamba mno kwa foamu kupenya. Mwanya wa nusu sentimita pande zote ndio unaotakiwa, na foamu ya kopo ndiyo inayoshika na kuziba. Kwenye kuta mbili fupi boriti zinakwenda sambamba na ukuta, kwa hiyo pale ni ukanda mmoja mrefu wa mita 8 kila upande.

Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 inatoa vipande 42. Bodi ya pili inamalizia vipande 8 na kutoa kanda nne za mita 2.4, na ya tatu inamaliza kanda zilizobaki. Bodi tatu, basi, na makopo 3 au 4 ya foamu ya mililita 750. Pima vijumba vitatu au vinne kabla ya kukata vyote. Mafundi wa zamani hawakuwa na haraka ya kunyoosha kila kitu.

Ukuta wa juu

Bodi inashuka sentimita 60 za juu ya ardhi, na nyingine 60 chini yake, kwa sababu udongo wa juu nao hupata moto wa msimu. Jumla ni mita 1.2, yaani upana kamili wa bodi. Ukizilaza kwa urefu, mita 36 zinataka bodi 15 bila kukata chochote isipokuwa kwenye pembe na vidirisha.

Matundu ya tofali ni bomba la hewa. Safu ya juu ikiwa wazi, hewa yenye unyevu inapanda ndani ya ukuta kama kwenye dohani na kutokea chini ya sakafu. Yazibe kwa gazeti lililosokotwa na chokaa ya saruji juu yake, au kwa foamu ya kopo, kabla ya bodi kupanda.

Gundi iwe ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa foamu. Gundi nyingi za mbao zina vimumunyisho vinavyoila polistireni, na bodi inatoboka kimyakimya kwa nyuma. Usiweke madonge matano kama wanavyofanya kwa kioo cha ukutani. Zungusha mstari usiokatika pembezoni mwa bodi, kisha mistari miwili katikati. Madonge yanaacha uwazi nyuma, na hewa ya chumba ikipata njia itatokea humo kutokwa jasho usipoona. Bana bodi hadi gundi ishike, ziba viungo kwa mkanda wa foamu, na usisahau ukingo wa chini wa bodi. Ule mstari wa mwisho wa silikoni kwenye ukingo wa chini ndio unaorukwa zaidi, nao ndio unaozuia hewa baridi yenye unyevu isipande nyuma.

Foamu haiachwi wazi chumbani. Inashika moto haraka na moshi wake unaua. Piga papi juu ya bodi, zishikwe kwa skrubu ndefu na plagi zinazoingia kwenye tofali angalau sentimita 4, kisha funika kwa jipsamu ya milimita 12.5. Vipande vya ukingo wa sakafu navyo vifunikwe, isipokuwa pale kanuni za ujenzi za mahali ulipo zinaporuhusu viachwe. Penye mchwa, acha utepe mtupu wa sentimita 8 hadi 10 kati ya bodi ya ukuta na mbao. Utapoteza wati chache, lakini utaona njia ya udongo wanayoijenga. Bila utepe huo wanapanda nyuma ya foamu na utawajua sakafu ikianza kubonyea.

Ukuta uliobaki chini, mita 1 hivi, uachwe mtupu. Usiegemeze maboksi, acha sentimita 10 za hewa. Zulia lisitandikwe juu ya zege. Na ushauri unaosikika sana wa kujaza kihami kati ya boriti, chini ya sakafu ya sebule, ukataliwe kwa nyumba hii: unamtenga aliye juu na ubaridi wa chini, kisha chumba cha chini kinazidi kupoa na kulowa.

Hita ya gesi

Hita ya maji ya zamani inayovuta hewa ya chumba na kutoa moshi kwa dohani ilikuwa ikitegemea mianya uliyoiziba. Nyumba ikibana, feni ya jikoni na ya bafuni zinaweza kuurudisha moshi ndani, na humo mna monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukimaliza kuziba, funga milango na madirisha yote, washa feni zote za kutoa hewa, washa hita, na baada ya dakika 5 shika ubani au kijiti kinachofuka kwenye mdomo wa kofia ya dohani. Moshi ukivutwa ndani ya bomba, sawa. Ukirudi chumbani, zima na umwite fundi wa gesi kabla ya kulala. Kengele ya monoksidi ya kaboni iwepo chumbani na ghorofa ya kulala kwa vyovyote.

Gesi ya radoni, yenye mionzi na inayotoka udongoni katika baadhi ya maeneo, ipimwe kabla na baada. Na mabomba ya zamani yaliyovikwa kitu cheupe kama plasta au kitambaa cha kijivu yasiguswe hadi yapimwe asbesto.

Wapo wanaopendekeza feni ya kupandisha hewa ya chini kwenda juu. Kwa hesabu inapendeza: mita za ujazo 300 kwa saa, zikiwa baridi kwa nyuzi 8, zinabeba wati 800. Shida ni kwamba feni inavuta chumba cha hita, inapandisha uvundo na radoni kama ipo, na nafasi ya hewa iliyopanda inajazwa na nyingine yenye mvuke. Kama chumba ni kikavu, hakina moto wa gesi, na kuna njia ya hewa kurudi, jaribu. Hapa masharti hayo hayajatimia.

Na vyumba vya kulala?

Kazi yote ya chini inaokoa takriban wati 500 za ukuta na hewa ya moto iliyokuwa ikipenya, na inaondoa harufu. Ghorofa ya kwanza itapoa kidogo. Vyumba vya juu, vilivyoanzisha malalamiko yote, havitahisi sana, na ni haki mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Vyumba hivyo vinatibiwa darini na kwa nje ya madirisha.

Darini, ziba kwanza matundu yanakopita nyaya, mabomba na dohani, kisha ongeza kihami hadi sentimita 25. Wati 1,500 zinashuka hadi 300 hivi. Mwanya unaozunguka dohani uzibwe kwa bati na silikoni inayostahimili moto, kamwe si kwa foamu. Kwenye madirisha ya magharibi weka kivuli nje: chandarua cha jua, turubai au luva za mbao. Pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto limeshavuka kioo na liko chumbani nawe.

Weka vipima vitatu, kimoja kila ghorofa, wiki mbili kabla ya kazi na wiki mbili baada, na linganisha siku zenye joto lilelile la nje. Usilinganishe Jumatatu ya jua na Alhamisi ya mawingu. Chumba cha chini kikibaki nyuzi 20 au 21 na unyevu ukashuka chini ya 60, ukuta unafanya kazi. Joto likishuka lakini unyevu ukapanda, huenda kuna mwanya wa hewa ya nje ambao hujaupata. Uutafute usiku kwa tochi, mtu mmoja nje na mwingine ndani.

Hesabu ilitaka bodi 18, na kwa kawaida hununuliwa 20. Mbili zinazobaki zisitupwe. Kata vipande viwili vya ukubwa wa mlango wa darini, vigandishe kimoja juu ya kingine viwe sentimita 10, vibandike mgongoni mwa mlango, na uzungushie fremu yake utepe wa mpira wa kuzibia. Mlango huo wa ubao mwembamba, upo juu ya korido ya vyumba vya kulala, ulikuwa ukivujisha joto la nyuzi 55 mchana kutwa bila mtu kuutilia maanani.